Mswada Tumeuandika, Filamu Ataitengeneza Nani?



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Alhamisi, vijana wawili walitusubiri mlangoni mwa msikiti, kila mmoja ameshika bahasha. Tulidhani wamekuja na masuala ya mirathi, kwani hayo ndiyo aghalabu hutujia ndani ya bahasha. Kumbe ndani mlikuwa na miswada ya filamu. Mmoja alikuwa ameandika kisa cha nahodha wa Lamu na mwanawe asiyeitaka bahari, na wa pili habari za binti wa Kisauni anayetaka kusomea udaktari na babake hana karo. Swali lao lilikuwa moja: "Sheikh, tumemaliza kuandika. Sasa tumpelekee nani?"

Walitujia sisi kwa kuwa ilikwisha kuvuma mitaani kwamba sisi nasi tuliandika mswada wa filamu, na kwamba yalitupata. Ni kweli tuliandika, na ni kweli yalitupata. Tumeona heri tuyaeleze hapa, maana nyumba nyingi za Pwani leo zina kijana anayeandika usiku kwa simu yake, na wazazi hawajui wamsaidieje wala wamtahadharishe na nini.

Najua, na wenzangu barazani wanajua, kwamba yuko msomaji ambaye tayari amekunja uso: sheikh na sinema wapi na wapi? Swali ni la haki. Wanavyuoni wamehitilafiana katika suala la picha tangu kamera ilipozuka. Wako walioikataza yote, na wako waliotofautisha baina ya sanamu lililochongwa kwa mkono na kivuli kilichonaswa kwa kioo, kisha wakatazama kile kinachooneshwa: kikiwa halali kukitazama kwa macho, ni halali kukitazama kwa picha. Anayeshika rai ya kwanza tunamheshimu, na makala haya si yake. Sisi tulifuata rai ya pili pamoja na masharti yake. Wala hatukuwa wa mwanzo kuhangaika. Moustapha Akkad, Mshami aliyeishi Marekani, alipotaka kutengeneza "The Message", iliyotoka mwaka wa 1976, mswada wake aliupitisha kwanza mbele ya wanavyuoni wa Al-Azhar, akajifunga kwamba Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo hakusalimika na fitina. Alianza kupiga picha Morocco, akafungiwa mlango, akahamia Libya na watu wake wote, waigizaji wa Kiarabu na waigizaji wa Kiingereza, kwa kuwa kila onyesho alilipiga mara mbili kwa lugha mbili. Basi anayedhani shida za mwenye mswada zimeanza naye, na astaghafiru.

Mswada wetu ulizaliwa hivi. Mama mmoja wa mtaa ambao hatutautaja alikuwa akija kwetu kila mwezi tumsomee dua mwanawe, kijana aliyezama katika unga. Alikuja kwa miaka. Siku moja, badala ya kuomba dua, alisema: "Sheikh, watu wajue. Nyumba zote zina jambo hili na kila mmoja anadhani ni lake peke yake." Tukamwuliza kama anaridhia tulitunge liwe kisa. Akaridhia kwa masharti matatu: jina lisiwe, mtaa usiwe, na mlango wake usionekane. Tukaahidi. Tangu siku ile mswada ukawa ni amana mikononi mwetu, na yote yaliyofuata yapimwe kwa mizani hiyo.

Tuliandika kwa miezi minane. Tulipofika ukurasa wa mwisho tulisujudu sijda ya shukurani, tukidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo tulipokosea kosa la kwanza. Mtunzi wa utendi akishatia nukta, kazi imekamilika, kilichobaki ni mtu mwenye sauti nzuri. Mswada wa filamu hauko hivyo. Mafundi wa Matondoni huunda jahazi zima bila ya karatasi, hesabu yote imo kichwani na machoni mwao. Filamu ni kinyume chake: karatasi ipo, jahazi halipo, na anayeandika karatasi mara nyingi hajui hata kushika msumeno. Anamhitaji fundi, na fundi yule naye ana jahazi zake nyingine, ana njaa zake, na ana macho yake mwenyewe juu ya namna omo linavyopaswa kukaa.

Tuseme wazi ni fundi wa namna gani tunayemtaja. Mtengenezaji huru wa filamu ni yule asiyeajiriwa na stesheni ya runinga wala kampuni kubwa. Hutafuta fedha mwenyewe, hukusanya watu mwenyewe, na mara nyingi huwa ndiye mwelekezi anayewaongoza waigizaji, ndiye mtayarishaji anayetafuta vibali na kulipa chakula cha mchana, na usiku ndiye anayekaa kwenye kompyuta kuunganisha vipande. Stesheni kubwa hazisomi mswada wa mtu zisiyemjua, au tuseme kwetu sisi hazikusoma. Mtengenezaji huru husoma, kwa sababu naye anatafuta. Wako wenye kamera, wako wenye ari, wamekosa kisa tu.

Ama wanapatikana wapi, tuliuliza kila mtu isipokuwa watu waliofaa. Njia iliyotufaa hatimaye ilikuwa nyepesi mno hata tunaona haya kuieleza: tulianza kutazama filamu hadi mwisho. Filamu ikimalizika watu huinuka, na hapo ndipo majina hupita. Tulikaa na kalamu. Kwa mfano "Vuta N'kuvute" ya mwaka wa 2021, aliyoielekeza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ukitazama majina yale utaona ni nani aliyewahi kufanya kazi ndani ya nyumba za mawe na taa chache, na hilo ni jambo kubwa kwa mwandishi wa Mombasa au Lamu kulijua. Kadhalika "New Moon" ya Philippa Ndisi-Herrmann, ya mwaka wa 2018: bibi huyu alikwenda Lamu kurekodi habari za bandari mpya, safari ikamgeuza yeye mwenyewe hadi akasilimu, na filamu ikawa ni habari ya mgeuko huo. Mwandishi akishaona kazi kama hizi hujua tofauti baina ya mtu aliyekuja Pwani kupiga picha za minazi na mtu aliyekaa akasikiliza.

Mahali pengine ni tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo tangu miaka ya 1990 huwakusanya watengenezaji wa Afrika Mashariki na nchi za majahazi pale Ngome Kongwe, Unguja. Nauli ni nzito kwa kijana, lakini siku moja ya kukaa uani kati ya maonesho huzaa zaidi ya barua arubaini. Hapa Mombasa, vijana wa sanaa na teknolojia hukutana Swahilipot Hub, Mji wa Kale. Nairobi kuna wanafunzi wa filamu katika Kenya Institute of Mass Communication na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwanafunzi anayekaribia kumaliza ni lazima atengeneze kitu, na mara nyingi hana cha kutengeneza. Usimdharau mwanafunzi. Ana kamera ya chuo, ana wenzake wanaofanya kazi kwa sahani ya wali, na ana tarehe ya mwisho inayomkimbiza, jambo ambalo wakubwa hawana.

Sisi tulifanya kinyume. Tulitoa nakala ishirini za mswada mzima, kurasa 118, tukazipeleka kwa kila aliyekuwa na neno "filamu" katika kadi yake. Hakujibu hata mmoja kwa miezi minne. Baadaye mtu wa kazi hiyo alitucheka kwa adabu akatueleza: hakuna anayefungua kurasa 118 za mtu asiyemjua. Hupelekewa kwanza barua fupi yenye sentensi mbili za kisa, ukurasa mmoja wa muhtasari, na sababu ya kumchagua yeye na si mwingine. Akitaka, ataomba mswada. Asipoomba, hujapoteza ila karatasi mbili. Tulipoandika upya tulitaja filamu yake fupi tuliyoiona na onyesho moja lililotugusa. Majibu yakaanza kuja.

Na majibu yenyewe yalitufunza jinsi mtengenezaji huru anavyosoma. Hasomi kama sisi tusomavyo riwaya. Anasoma kama fundi mwashi anayehesabu matofali. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu, basi kurasa 118 ni karibu saa mbili, na kila dakika ina gharama yake. Anahesabu mahali: sisi tulikuwa na mahali arubaini na moja, pamoja na meli bandarini, jela, na dhoruba baharini ambayo, tukisema kweli, tuliitia kwa kuwa tunapenda dhoruba. Anahesabu maonyesho ya usiku, kwa sababu usiku ni taa na jenereta. Anahesabu watoto, umati wa watu, na magari. Mmoja alituandikia sentensi moja tu: "Mswada mzuri, lakini hii ni filamu ya serikali." Tuliudhika siku mbili, kisha tukachukua kalamu nyekundu.

Aliyetufaa hapa ni Majid Majidi, Muirani. Filamu yake "Children of Heaven" ya mwaka wa 1997 ni kisa cha ndugu wawili, kaka na dada, na jozi moja ya viatu wanayopokezana kwenda skuli kwa kuwa viatu vya msichana vimepotea na baba hana fedha. Hamna dhoruba wala jela. Ilifika hadi kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Tuliitazama na watoto wetu sebuleni, na mdogo wao akaficha viatu vyake chini ya kitanda usiku ule. Baada ya kuitazama tulirudi kwenye mswada tukakata hadi mahali tisa na kurasa 84, na bahari ikabaki kusikika tu dirishani.

Sasa tuje kwenye machungu.

Wa kwanza kutuita alikuwa mtengenezaji wa Nairobi, mtu wa maneno mazuri na viatu visivyo na vumbi. Tulikutana naye mara tatu. Mara ya tatu alitwambia wafadhili wamekipenda kisa, ila wangependa badiliko dogo mwishoni: kijana asiishie katika unga, aishie katika ugaidi. "Pwani ndivyo inavyouzika, Sheikh," alisema, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa bei ya nyanya. Si kwamba jambo lile halifai kuguswa. "Watatu" ya mwaka wa 2015 ililigusa, nayo ilitengenezwa hapahapa Mombasa. Lakini halikuwa jambo la mama yule. Yeye alitupa kidonda chake, sisi twende tukauze kidonda kingine kwa jina lake? Tulirudi nyumbani, tukaswali istikhara juu ya jambo ambalo kwa hakika halikuhitaji istikhara, na asubuhi tukakataa. Tusifiche: fedha zilizotajwa zilikuwa nyingi kuliko tulizowahi kuziona pamoja, na paa la madrasa yetu linavuja.

Wa pili ndiye aliyetufedhehesha. Huyu alikuwa wa karibu, anaswali safu ya mbele. Alisema ameupenda mswada kama ulivyo, hataki kubadilisha hata nukta, ila zinahitajika fedha za kuanzia, shilingi 60,000, za kibali na za kukodi kamera. Tukampa. Hatukuandika chochote. Baada ya wiki tatu simu yake ikawa haipatikani, na safu ya mbele ikawa na nafasi.

Msomaji, sisi tumeifasiri Aya ya Deni, aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, mbele ya wanafunzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumewaeleza amri ya kuandika, na ya mwandishi muadilifu, na ya mashahidi wawili, na kutochoka kuandika kiwe kidogo au kikubwa. Kisha tukatoa 60,000 kwa maneno matupu kwa sababu mtu ana ndevu nzuri. Wanafunzi wetu wakubwa walipopata habari hawakusema kitu, lakini darsa iliyofuata mmoja aliuliza kwa unyenyekevu kama tunaweza kuirudia aya ile.

Tulilojifunza ni hili: mwandishi wa mswada halipi ili filamu yake itengenezwe. Mtengenezaji ndiye anayepata haki juu ya kazi yako, basi fedha, kama zipo, huja kwako na haziendi kwake. Na kibali cha kupiga picha si kazi ya mwandishi. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, anayetengeneza filamu ya kuoneshwa hadharani huomba leseni kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na baadaye filamu yenyewe hupelekwa hapo ikapangiwa daraja lake: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na uongozi wa wazazi, kisha 16 na 18. Mwulize mtengenezaji mapema, tena kama mazungumzo tu, leseni anaiomba vipi na daraja gani analikusudia. Anayejua kazi atajibu kabla chai haijapoa. Yule wetu alijibu kwamba hayo "yatapangika".

Ama kuhusu kuibiwa mswada, hofu ambayo vijana wanayo kuliko hofu nyingine zote, sheria ya Kenya iko wazi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa. Wazo tupu haililindi. Kisa cha "nahodha na mwanawe" si cha mtu. Kurasa ulizoziandika ni zako, tangu ulipoziandika, na hubaki na ulinzi hadi miaka 50 baada ya kufa kwako, basi hata warithi wako wana sehemu, na wasiache kuitaja katika mirathi. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si sharti la kumiliki, bali ni ushahidi siku ya mzozo. Sajili kabla hujampelekea mtu. Kisha ukae ukijua mambo mawili. La kwanza, haki yako haihamishwi kwa maneno: ni lazima maandishi na sahihi. La pili, hata ukiuza, hubaki na haki ya kutajwa kuwa wewe ndiwe mtunzi, na haki ya kupinga kazi isipotoshwe kwa namna inayokuvunjia heshima, na haki hizo haziuziki ukiwa hai. Laiti tungelijua haya tulipoketi na yule wa Nairobi, tungelikataa kwa sauti yenye nguvu zaidi.

Wa tatu hatukumtafuta. Ni ahali yetu aliyemleta.

Katika harusi moja ya jamaa, upande wa wanawake, alimwona binti akipiga video. Wasomaji wanajua kwamba siku ya kupamba wanaume hawaingii, na kwa hivyo Mombasa imejaa mabinti hodari wa kamera ambao nusu ya mji haijawahi kuona kazi yao. Ahali yetu alimsikia akimweleza bibi harusi asimame wapi ili mwanga wa dirisha umkae shavuni, akamwuliza kama hufanya kingine mbali na harusi. Binti akasema ametengeneza filamu fupi ya dakika 12, juu ya bibi yake mshona vikofia. Tukaitazama nyumbani siku ya pili. Hakuna aliyesema neno katika dakika zile kumi na mbili.

Alikuja na kakake, tukaketi ukumbini na ahali yetu. Alikuwa ameusoma mswada mara mbili na ameutia alama za penseli. "Shikamoo Sheikh. Niseme kweli au niseme vizuri?" Tukamwambia, sema kweli, mwanangu. Akafungua. "Huyu mama yumo katika kila ukurasa. Lakini nimehesabu. Analia mara kumi na nne, na hana mahali anaposema sentensi iliyotimia. Kijana anasema. Imamu anasema sana." Hapo alitazama chini. "Mama hasemi."

Tulinyamaza. Ahali yetu hakunyamaza. Alicheka, cheko tunalolijua.

Hili ndilo wasiloambiwa waandishi wengi: mtengenezaji anayeufaa mswada wako si yule asiyetaka kubadilisha hata nukta. Yule alikuwa mwizi. Wala si yule anayetaka kukibadilisha kisa kiwe kingine. Ni yule anayekuonesha mahali ambapo hukukifikia kisa chako mwenyewe. Tulimwomba ruhusa mama, binti akenda kwake peke yake, akakaa siku nne, bila ya kamera, wakipepeta mchele. Alirudi na mambo ambayo mama yule hakuwahi kutwambia katika miaka yote ya dua, kwa kuwa kwetu alikuja kusomewa, hakuja kuulizwa. Maonyesho saba yaliandikwa upya.

Safari hii mkataba uliandikwa kabla ya chochote, ukasomwa na wakili, na mashahidi walikuwa wawili. Watengenezaji wengi hawanunui mswada mara moja. Hulipa kidogo ili washike haki ya kuutengeneza kwa muda, tuseme mwaka mmoja au mwaka na nusu, wakatafute fedha. Wakizipata hulipa kilichobaki, wasipozipata mswada hurudi kwa mwenyewe na kile kidogo hakirudi. Inafanana na arbuni ya watu wa zamani, na msomaji wa fiqhi atakumbuka kwamba madhehebu yetu ya Shafi'i hayaikubali bei ya arbuni, na Mahanbali wameikubali. Tulimshauri mwenzetu mmoja mwanachuoni, tukaiandika malipo yale kuwa ujira wa kushika haki kwa miezi 12, muda unaojulikana na kiasi kinachojulikana, na bei ya mswada wenyewe ikawekewa mkataba wake mbali. Kiasi ni kidogo. Hakitoshi hata mabati manne ya paa la madrasa. Lakini tarehe ya kurudi mswada imeandikwa, na hilo ndilo vijana hulisahau: asiyeandika tarehe hukaa miaka mitano mswada wake umefungwa katika droo ya mtu mwingine.

Masharti matatu ya mama yamo katika kifungu cha nne, neno kwa neno. Kifungu cha tano kinasema anayebadilisha mwisho wa kisa aturudie kwanza. Kifungu cha tisa ni cha maonesho: filamu itaanza kuoneshwa kwa akina mama, katika kumbi na majumba, kabla ya kwenda kwenye tamasha lolote. Wakili alisema hajawahi kuona kifungu kama hicho. Binti ndiye aliyekidai.

Fedha za kupigia picha zilikuja kwa mudharaba. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari ametoa mtaji, binti anatoa kazi, faida ikipatikana itagawanywa kwa mafungu yaliyotajwa, si kwa kiasi kilichokatwa mbele, na ikiwa ni hasara, mwenye mtaji hupoteza mtaji na mfanya kazi hupoteza jasho lake, madamu hakuzembea. Tulimweleza mfanyabiashara yule mara tatu kwamba filamu nyingi ndogo hazirudishi fedha. Mara ya tatu alitukatiza. "Sheikh, nina ndugu yangu yuko kliniki ya methadoni mwaka wa pili huu. Niandikie tu nitie sahihi."

Kabla ya kutia sahihi yetu sisi, tulimpelekea mama kurasa za mwisho zilizoandikwa upya. Hazisomi herufi za Kirumi kwa wepesi. Chuoni kwao walisoma Qur'ani, na barua zao huandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Basi tulikaa usiku mmoja tukazinakili kurasa sita kwa khati ya Kiarabu, kwa wino, kama tulivyofunzwa udogoni. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Alipofika onyesho la mwisho, ambapo mama, baada ya kungoja, anasimama na kutia komeo usiku, alirudi nyuma akasoma tena.

"Hapa si kweli," alisema.

Tukamwuliza nini.

"Komeo. Sijatia komeo tangu alipotoka. Miaka sita. Majirani wananiambia nitaibiwa. Andika mlango umerudishwa tu."

Tulichukua kalamu, tukafuta komeo palepale mbele yake, tukaandika mlango umerudishwa tu, na usiku ule tukampigia binti simu. Alituuliza kama mlango ule utatoa sauti upepo ukivuma. Tukasema hatujui, tutamwuliza. Upigaji picha unaanza baada ya sita za Mfunguo Mosi, inshaallah, katika nyumba ya mtaa mwingine kabisa.